Tuna Deni Gani kwa Majina ya Wazee Wetu?

Kila mwaka, mwezi wa Novemba unapokaribia, waamini huleta parokiani bahasha zenye majina ya marehemu wao, ili wakumbukwe katika Misa Takatifu. Padre anayezisoma orodha hizo hujifunza mengi juu ya jamaa zetu. Majina ya kwanza huandikwa kwa ukamilifu: baba, mama, ndugu aliyezikwa juzi. Kisha majina huanza kupungua, na mwishoni huja neno la kufungia: "na marehemu wote wa ukoo wetu." Mwaka mmoja mzee fulani alituletea orodha ambayo mstari wake wa mwisho ulikuwa huu: "Bibi yetu mzaa baba, jina lake hatulijui." Hakuandika hivyo kwa uvivu. Alikuwa ameuliza kwa jamaa zake wote, akakuta kwamba waliolijua jina lile wamekwisha kufa.

Mstari huo umetuletea swali ambalo twataka kulipima leo pamoja nanyi, wasomaji wapenzi. Je, walio hai wana wajibu wa kuyatafuta majina ya wazee wao? Au kazi hiyo ni upuuzi, na pengine ni kiburi cha watu wanaotaka kujisifia damu yao? Swali si jepesi. Mtume Paulo alimwonya Timoteo, na tena Tito, wajiepushe na nasaba zisizo na mwisho, kwa kuwa huzaa mabishano kuliko imani. Lakini Mt. Matayo, alipotaka kutangaza Habari Njema, alianza na orodha ya majina, kutoka Abrahamu hata Yosefu, mumewe Maria. Paulo na Matayo walikuwa Wayahudi wote wawili. Kwa hiyo, tukitaka kufahamu nasaba ipi ni njema na ipi ni mbaya, yafaa tuliulize taifa lao, ambalo limeyatunza majina ya wazee kwa muda mrefu sana, na limeona kwa macho yake mema na mabaya yatokanayo na kazi hiyo.

DINI ILIYOTUNZA MAJINA

Kwa Wayahudi, utunzaji wa nasaba ulikuwa sehemu ya ibada. Ukuhani ulipita kutoka kwa baba hata mwana katika uzao wa Haruni, na utumishi wa hekalu katika kabila la Lawi. Asiyeweza kuonyesha ukoo wake hakuweza kusimama altareni. Kitabu cha Ezra, katika sura yake ya pili, chasimulia habari za jamaa kadhaa za makuhani waliorudi kutoka uhamishoni Babeli, wakatafuta majina yao katika orodha za nasaba wasiyaone, nao wakaondolewa katika ukuhani. Mwanahistoria Flavius Josephus, ambaye mwenyewe alikuwa wa ukoo wa kikuhani, aliandika katika karne ya kwanza kwamba makuhani waliokaa mbali, huko Misri na Babeli, walipooa walipeleka Yerusalemu jina la mke, na la baba yake, na ya wazee wake wa kale, ili yaandikwe.

Hekalu liliangamizwa mwaka 70, lakini desturi haikufa pamoja nalo. Ilihamia sinagogini, nyumbani na makaburini, nayo ndiyo inayomwongoza hata leo mtu anayetafuta habari za ukoo wa Kiyahudi. Tutaje mambo machache.

La kwanza ni jina lenyewe. Katika mambo ya dini Myahudi huitwa kwa jina lake na la baba yake: fulani mwana wa fulani, fulani binti wa fulani. Ndivyo aitwavyo anapoalikwa kuisoma Torati. Ndivyo aandikwavyo katika hati ya ndoa, iitwayo ketuba. Na ndivyo jina lake lichongwavyo juu ya jiwe la kaburi. Hivyo jiwe moja hutoa habari za vizazi viwili, na mtu aliyelipata kaburi la babu amekwisha kulipata jina la baba wa babu. Faida yake ni kubwa, maana majina ya ukoo yanayorithiwa ni mambo ya juzi kwa Wayahudi wengi wa Ulaya. Kaisari Joseph II wa Austria aliwalazimisha kuyachukua kwa amri ya mwaka 1787. Urusi ilifuata mwaka 1804, Ufaransa ya Napoleon mwaka 1808, na Prussia mwaka 1812. Mtu anayefuata jina la ukoo peke yake hufika kwenye miaka hiyo akakuta njia imekatika. Yeye ajuaye desturi ya sinagogi aweza kuendelea mbele.

La pili ni alama. Juu ya kaburi la mtu wa uzao wa Haruni mara nyingi huchongwa mikono miwili iliyoinuliwa kutoa baraka. Juu ya kaburi la Mlawi huchongwa birika, kwa kuwa Walawi huwanawisha makuhani mikono kabla ya kuwabariki watu. Mtu asiyejua herufi hata moja ya Kiebrania aweza kuutambua ukoo kwa macho tu.

La tatu ni desturi ya kuwapa watoto majina. Wayahudi ambao wazee wao waliishi Ujerumani, Poland na Urusi, waitwao Waashkenazi, hawampi mtoto jina la jamaa aliye hai, bali la aliyekwisha kufa. Wale wenye asili ya Hispania, waitwao Wasefardi, humpa mjukuu jina la babu yake hata kama babu angali hai, kama wafanyavyo Wakikuyu na makabila mengine ya kwetu. Tuseme mtafutaji amekuta katika ukoo mmoja wa Kiashkenazi wajukuu watatu waliozaliwa katika muda wa miaka michache, kila mmoja katika nyumba yake, na wote wakiitwa Mordekai. Ataelewa kwamba yamkini babu Mordekai alifariki muda mfupi kabla ya kuzaliwa yule wa kwanza. Hapo jina la mtoto limeshika nafasi ya cheti cha kifo cha mzee.

La nne ni tarehe. Miezi ya kalenda ya Kiyahudi hufuata mwezi wa mbinguni, na siku huanza jua linapotua, kama wazee wetu wa pwani wanavyosema "usiku wa Jumatatu" wakiwa na maana ya usiku unaoitangulia Jumatatu, na kama Kanisa linavyozianza sikukuu zake kwa Masifu ya Jioni ya siku iliyotangulia. Mtu aliyekufa saa mbili za usiku huandikwa siku moja katika daftari la serikali, na siku nyingine juu ya kaburi lake. Asiyelijua jambo hilo atadhani kwamba mwandishi mmoja amekosea, kumbe wote wawili wamesema kweli.

Lakini kwa nini tarehe ya kufa itunzwe kwa uangalifu namna hiyo? Kwa sababu ya sala. Mwana hupaswa kusali sala iitwayo Kadishi kwa miezi kumi na mmoja baada ya kufa mzazi wake. Na kila mwaka, siku ile ya kifo irudipo, huisali tena na kuwasha taa. Katika masinagogi mengi huwekwa ukutani mbao zenye majina ya marehemu pamoja na tarehe zao. Tena maneno ya Kadishi hayataji kifo hata mara moja. Yote ni sifa kwa Mwenyezi Mungu. Mwana husimama mbele ya jamii na kumtukuza Mungu mahali pa baba ambaye sauti yake imenyamaza. Basi jina na tarehe havikuwekwa kwa ajili ya fahari ya ukoo. Viliwekwa ili wajibu wa mwana usisahauliwe. Sisi tunaoamini kwamba sala za walio hai huwafaa marehemu hatuwezi kushindwa kuwaelewa.

Mfano mmoja zaidi waonyesha jinsi ibada inavyoweza kuzaa historia bila kukusudia. Sheria ya Wayahudi hairuhusu kutupa ovyo maandishi yenye jina la Mungu. Kwa sababu hiyo Wayahudi wa Fustat, yaani Kairo ya kale, waliziweka karatasi zao zilizochakaa katika chumba kimoja cha sinagogi la Ben Ezra, kizazi baada ya kizazi, kwa muda wa miaka ipatayo elfu moja. Humo ziliingia siyo sala peke yake, bali na barua za wafanya biashara, hati za ndoa na za talaka, na mashauri ya wajane na mayatima. Katika miaka ya 1896 na 1897 mtaalamu Solomon Schechter alizipeleka nyingi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako vipande zaidi ya 190,000 vinatunzwa hata leo. Watu wale hawakuwa na nia ya kutuachia habari za jamaa zao. Waliliheshimu jina la Mungu, na kwa heshima hiyo majina yao wenyewe yakahifadhika.

VITABU VILIPOGEUZWA SILAHA

Msomaji asidhani sasa kwamba kutafuta nasaba ni jambo jema daima. Mwaka 1935 serikali ya Hitler ilitunga Sheria za Nuremberg, ambazo zilimhesabu mtu kuwa Myahudi akiwa na babu na bibi watatu au wanne waliokuwa Wayahudi, hata kama yeye mwenyewe amebatizwa. Watawala wale walihubiri habari za damu. Lakini damu haina maandishi. Ili kujua babu alikuwa nani, iliwabidi waulize alikuwa wa dini gani. Na jibu lilikuwamo katika vitabu vya sinagogi na vya kanisa. Katika ofisi za parokia za Ujerumani, za Kikatoliki na za Kiprotestanti, watu walikuja kwa wingi kuomba vyeti vya ubatizo vya wazee wao ili wajitetee, na vyeti vikaandikwa. Mtaguso wa Trento ulikuwa umeagiza mwaka 1563 kwamba vitabu vya ubatizo na vya ndoa viwekwe kwa ajili ya kulinda sakramenti. Sasa vitabu hivyo vilisaidia kumtenga jirani na jirani. Kwa sisi tunaovitunza, hilo ni neno chungu, wala haifai kulificha.

Katika miaka ya vita walikuwako pia mapadre, watawa na walei walioandika vyeti vya ubatizo visivyo vya kweli, ili kuwaokoa Wayahudi. Basi ikatokea kwamba cheti cha kweli kiliweza kumwua mtu, na cha uongo kikamponya. Wanateolojia wamejadiliana sana juu ya uongo wa namna hiyo, nasi hatutalimaliza shauri lao katika ukurasa huu. Twasema neno moja tu: ukweli juu ya wazee wa mtu si mali ya kila mwenye kuudai. Kabla ya kufungua kitabu cha majina, yapasa kuuliza kinafunguliwa kwa faida ya nani.

Mtakatifu mmoja wa wakati ule alitoa jibu lake kwa kalamu. Edith Stein alizaliwa Breslau mwaka 1891 katika nyumba ya Wayahudi washika dini, akabatizwa mwaka 1922. Mwaka 1933, matusi dhidi ya Wayahudi yalipojaa nchini mwake, alianza kuandika habari za ukoo wake, akitegemea masimulizi ya mama yake mzee, ambaye alikuwa amefiwa na mume watoto wakiwa wadogo, akaendesha biashara ya mbao peke yake. Hakuandika ili kujisifu. Alitaka vijana wa Kijerumani, waliofundishwa kuwachukia Wayahudi, waione nyumba moja ya Kiyahudi jinsi ilivyokuwa kweli: kazi zake, sala zake, ugomvi wake na upendo wake. Mwaka huo huo aliingia utawani kwa Wakarmeli. Mwezi wa Agosti 1942, baada ya maaskofu wa Uholanzi kupinga hadharani mateso ya Wayahudi, alikamatwa pamoja na dada yake Rosa, akauawa Auschwitz. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 1998. Wauaji walitafuta nasaba yake ili wamfute. Yeye aliiandika nasaba hiyo hiyo ili watu wake wapendwe.

KAZI YA HURUMA

Wayahudi milioni 6 waliuawa, na wengi wao hawana kaburi. Mara nyingi baba, mama na watoto walikufa siku moja, asibaki hata mmoja wa kusali Kadishi. Katika hali hiyo kutafuta majina kumekuwa wajibu wa namna nyingine. Desturi yenyewe ni ya kale kwao: mwaka 1096, makundi ya Wakristo waliojifunga msalaba kwenda vitani yalipowaua Wayahudi wa Speyer, Worms na Mainz, majina ya waliouawa yaliandikwa katika vitabu vya ukumbusho na kusomwa sinagogini kwa karne nyingi. Baada ya vita vya pili vya dunia, watu waliosalia kutoka miji mingi iliyoharibiwa walikusanyika wakaandika vitabu juu ya miji yao, wakitaja jamaa nyumba kwa nyumba. Mwaka 1953 iliundwa huko Yerusalemu taasisi iitwayo Yad Vashem, ambayo huwapa ndugu, marafiki na majirani karatasi ya ushuhuda, ili waandike jina la marehemu, wazazi wake, mahali alipoishi na jinsi alivyokufa. Zaidi ya majina milioni 4 na nusu yamekwisha kupatikana. Jina la taasisi hiyo limetoka katika sura ya 56 ya Nabii Isaya, ambamo Mungu anawaahidi wasio na watoto ukumbusho na jina ndani ya nyumba yake.

Katika Biblia yetu Takatifu twasoma habari za Tobiti, aliyewazika ndugu zake waliouawa, ingawa kwa kufanya hivyo alihatarisha maisha yake. Kanisa limehesabu kuzika wafu kuwa tendo la huruma. Yeye amtafutaye mtu asiye na kaburi, akampata na kumwandika kwa jina lake, afanya kazi iliyo karibu sana na ile ya Tobiti.

Labda mtu atasema: "Mungu anayajua majina yote, kwa nini sisi tuhangaike?" Ni kweli kwamba Mungu hamsahau hata mmoja. Lakini Mungu anajua pia mahitaji yetu yote, na hata hivyo ametuamuru tuombe. Sala ya mtoto haimfundishi Mungu jambo asilolijua. Humfundisha mtoto kupenda. Ndivyo ilivyo na jina.

Yabaki lile onyo la Paulo juu ya nasaba zisizo na mwisho. Wayahudi wenyewe wana dawa ya kiburi cha damu, nayo imo katika sheria yao. Mtu wa taifa lingine akiipokea dini yao kwa utaratibu, huitwa mwana wa Abrahamu, na jina hilo huandikwa kana kwamba amezaliwa humo. Jirani zetu wa Mbale, Uganda, waitwao Abayudaya, ambao mwaka 1919 walianza kushika Torati chini ya Semei Kakungulu, humwita Abrahamu baba yao bila kudai tone la damu yake. Mishna, kitabu chao cha kale cha sheria, yakataza kumkumbusha mtoto wa wageni hao matendo ya baba zake. Tena Talmudi yasimulia kwamba wenye hekima walizijua jamaa fulani zilizokuwa na dosari katika nasaba yao, wakanyamaza, kwa kuwa ukoo uliokwisha kuchanganyika na watu wafaa kuachwa.

Je, huko kunyamaza kwapingana na Mt. Matayo? Yeye hakuficha. Katikati ya wafalme aliwataja Tamari, Rahabu, Ruthu Mmoabi, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Hatuoni upinzani hapo. Matayo alitaja ukoo wa Bwana wake, ambaye hakuona haya kuzaliwa kati ya wakosefu na wageni. Wenye hekima walinyamaza juu ya ukoo wa jirani, ambaye angeaibishwa. Basi hii ndiyo kanuni: habari za wazee wangu niweza kuzikiri ili huruma ya Mungu ionekane, habari za wazee wa mwenzangu sina ruhusa ya kuzitumia kumwumiza. Katika nchi zetu, ambako mtu aliweza kudharauliwa kwa sababu bibi yake aliuzwa utumwani, au kunyimwa mchumba kwa sababu ya kabila la babu yake, kanuni hii si neno la vitabuni tu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake Nostra Aetate la mwaka 1965, umetukumbusha kwamba Kristo, Mama yake na Mitume walitoka katika taifa hili. Tusiwatazame Wayahudi kama watu wa kale wa Maandiko tu. Wako hai, na katika jambo hili la majina ni walimu wetu.

Basi jamaa za Kikristo zifanye nini? Zichukue daftari, ziandike majina ya babu na bibi wa pande zote mbili, kijiji walichozaliwa, mwaka kama wajulikana, na jina la mtu aliyetoa habari hizo. Wasiwasahau wanawake, maana majina yao ndiyo yapoteayo kwanza. Cheti cha ubatizo chaweza kusaidia, lakini hakiwezi kushinda kumbukumbu ya mzee aliye hai, na kumbukumbu hiyo haingoji. Kisha majina hayo yaletwe altareni, yasomwe.

Yule bibi wa bahasha yetu twamwombea bado bila jina. Lakini wewe msomaji, kama mama yako angali hai, mwulize leo mama wa mama yake aliitwa nani.